Ukurasa wa 143, Mstari wa Sita

Kopavogur, 4 Septemba 1989

Bi Bergljot,

Hunijui. Nimeliona tangazo lako gazetini, mistari minne chini ya matangazo ya matrekta: kwamba umesahihisha prufu, kurasa za majaribio za wapiga chapa, kwa miaka thelathini na minane, umejichapishia vitabu vitatu bila kumpigia mtu magoti, na kwamba uko tayari kujibu barua za waandishi wapya "ilimradi waandike kwa mkono unaosomeka". Mwandiko wangu unasomeka. Ni karibu kitu pekee ambacho watu wamenisifia tangu utoto.

Naitwa Arngrimur Ketilsson. Nina miaka sabini na minane, na mwandishi mpya ndiye mimi.

Nilizaliwa Dimmuvik, ghuba moja ya kaskazini-magharibi ambayo haina mtu tangu vuli ya 1948. Mwishoni tulibaki nyumba tatu: yangu na marehemu mke wangu Olof, ya dada yangu Salvor, na ya Hjalmar Ebenesarson, aliyekuwa mbeba barua wetu. Leo wanaishi humo mbweha na ndege. Nimeandika kila nilichokiona huko kabla sijasahau: nani alikaa wapi, jiwe gani liliitwaje, mashua ilivutwaje wimbi likiwa upande wa kushoto. Zimetoka kurasa mia mbili na nane. Wachapishaji wawili wamekataa. Wa kwanza alisema watu wamechoshwa na ghuba zilizohamwa. Wa pili hakusema kitu. Alinirudishia mswada ukiwa na duara la kikombe cha kahawa kwenye ukurasa wa kwanza.

Ningeweza kuvumilia hayo kama ningekuwa na muda. Salvor ana miaka themanini na mitatu. Yuko nyumba ya wazee Isafjordur, na daktari ameniambia kwa simu, bila kuzungukazunguka, kwamba moyo wake hautafika Februari. Ndiye mtu wa mwisho duniani anayejua kwamba kitabu hiki ni cha kweli. Nataka akishike mkononi kabla ya Krismasi. Ikipita Krismasi hii, sina ninayemchapishia.

Nianzie wapi? Nimekwama, Bi Bergljot. Sina hata wa kumuuliza.

Arngrimur Ketilsson


Akureyri, 9 Septemba 1989

Bwana Arngrimur,

Mwandiko wako umenitia wivu. Sasa nisikilize, maana umechelewa vibaya.

Usilie juu ya wachapishaji. Sisi tunaojichapishia tuna raha moja, nayo ni kwamba hakuna wa kutuzuia. Tuna balaa moja pia, nayo ni hiyo hiyo. Kwa hiyo jizuie mwenyewe. Kisome kitabu chote kwa sauti, umesimama. Pale miguu inapokuuma, kata. Pale unapojisikia fahari, kata zaidi. Usimpe mpwa wako akusahihishie eti kwa sababu alifaulu shule; mpwa atakuhurumia, na msahihishaji mwenye huruma hafai hata kusahihisha orodha ya dukani.

Karatasi isiyong'aa. Kitabu kishonwe, kisibandikwe gundi tu, la sivyo kurasa zitadondoka mapajani mwa dada yako. Jalada liwe na jina la kitabu na jina lako, basi. Kama unafikiria kuweka picha yako mwenyewe ukitazama mbali baharini, fikiria tena. Chapa nakala mia tatu. Mimi nilichapa elfu moja za kitabu changu cha kwanza, na zilizobaki ziko chini ya kitanda hadi leo. Nalala juu kama askofu.

Orodha ya vitabu vya Krismasi, ile inayoingia kila nyumba Novemba, inafungwa tarehe kumi Oktoba. Kitabu kisichokuwemo hakijazaliwa. Jaza fomu leo, hata kama sura ya mwisho bado iko kichwani.

Na jambo lenye faida kuliko yote: watumie watu wote wa upande wenu vikaratasi vya kuagiza. Atakayeagiza mapema, jina lake litachapwa mwishoni mwa kitabu. Unajua desturi: majina hupangwa kwa herufi ya jina la kwanza, mume na mke mstari mmoja, halafu nyumba waliyotoka, hata kama hiyo nyumba sasa ni rundo la mawe. Watu wetu watanunua kitabu ili wajione wenyewe. Wengine hawatafungua ukurasa mwingine wowote. Wasamehe.

Nitumie mswada. Nitausoma kama adui.

Bergljot Steingrimsdottir


Kopavogur, 21 Septemba 1989

Bi Bergljot,

Mswada huu hapa. Nimeusoma kwa sauti kama ulivyoagiza, chini kwenye chumba cha kufulia, kwa kuwa kuta za juu ni nyembamba. Siku ya tatu mama wa ghorofa ya pili alichungulia na kapu lake.

"Mzee, unagombana na nani humu?"

"Nasoma kitabu changu."

"Haya. Basi kisomee upande ule, nguo zangu zinaanikwa huku."

Nimekata kurasa kumi na moja. Miguu iliuma sana kwenye sura ya kondoo.

Fomu ya orodha imekwenda. Mpiga chapa nimempata Hafnarfjordur, anaitwa Sturla. Anasema nikimpa kazi safi ifikapo katikati ya Oktoba, Novemba ataimaliza. Salvor nimempigia simu. Ananisikia kwa shida, ila nilipotaja kitabu alicheka, akauliza kama nimekumbuka kuandika kwamba yeye ndiye aliyekuwa akipiga makasia vizuri kuliko mimi. Nimeandika. Anapenda kuniita "mdogo wangu" hata sasa, mimi mwenye meno ya kuazima. Kila mwaka ameniletea soksi za sufu. Hakuna mtu mwingine aliyebaki anayenipenda hivyo, na huyo ana miezi minne.

Tafadhali soma upesi.

Arngrimur


Akureyri, 1 Oktoba 1989

Bwana Arngrimur,

Nimesoma mara mbili. Nilikaa tayari kucheka, nikasahau. Umeandika mashua inavyovutwa hadi mikono yangu ikauma, na mimi ni mtoto wa mjini. Nimetia alama mia moja na tisa za nukta na mkato, hizo Sturla atazirekebisha. Kitabu ni kizuri. Nalisema mara moja tu.

Sasa ukurasa wa 143.

Katika kitabu chako chote watu wanafanya mambo. Salvor alikamua. Hjalmar alipanda mlima na mfuko wa posta, theluji ikimfika kiunoni. Olof alichemsha, wewe ulivua, mbwa aliiba. Halafu inakuja vuli ya 1948, na ghafla Dimmuvik haina mtu anayefanya lolote. "Iliamuliwa." "Ilionekana hapana njia." Na mstari wa sita: "Vuli ile barua ilipelekwa kwa mkuu wa wilaya kuomba wakazi wahamishwe." Ilipelekwa! Ilijiandika yenyewe, ikajilamba gundi, ikapanda mlima?

Nimefanya kazi hii maisha yangu yote. Mwandishi anayejua jina la kila jiwe hasahau nani aliandika barua. Akianza kutumia vitenzi vya namna hii, ama anamficha mtu, ama anajificha.

Ushauri wangu kwa mwandishi mpya yeyote ni huu: msomaji haoni kurasa mia mbili zilizojaa, anaona shimo. Nani aliandika hiyo barua? Mwandike.

Bergljot


Kopavogur, 5 Oktoba 1989

Bi Bergljot,

Nilikuomba ushauri wa nukta, karatasi na kushona. Sikukuomba uchimbe.

Watu wote wa kule wanajua ni nani. Hjalmar ndiye aliyeshukiwa, tangu siku majibu ya mkuu wa wilaya yalipofika yakiwa na jina lake juu ya bahasha. Salvor hakumsemesha tena. Waliishi mji mmoja, Isafjordur, miaka ishirini na sita, na dada yangu alivuka barabara kila alipomwona. Hjalmar alikufa mwaka wa 1974. Nimeona ni ustaarabu kutomtaja marehemu kwa jambo baya. Ndiyo sababu ya kitenzi hicho.

Ukurasa utabaki ulivyo. Mswada umeshafika kwa Sturla.

A. K.


Akureyri, 10 Oktoba 1989

Bwana Arngrimur,

Kitabu ni chako. Hiyo ndiyo raha na hilo ndilo balaa, nilikuambia.

Ila umeandika "ndiye aliyeshukiwa". Nimekusahihisha wiki tatu, naanza kukuzoea.

Bergljot


Kopavogur, 3 Novemba 1989

Bergljot,

Nakuandikia nikiwa sijalala wala sijala. Nisaidie.

Vikaratasi vya kuagiza vimerudi mia moja na arobaini. Nilikuwa navipanga kwa herufi mezani, nikifurahi kama mpumbavu. Jana kikaja cha Salvor. Mwandiko wake unatetemeka lakini ni wake. Kwenye nafasi ya jina ameandika:

"Salvor Ketilsdottir na Hjalmar Ebenesarson, Nedribaer, Dimmuvik."

Mstari mmoja, na Nedribaer ni nyumba ya Salvor. Kama mume na mke. Na nyuma ya kikaratasi:

"Mdogo wangu, usishtuke. Hjalmar aliniposa majira ya kuchipua ya 1948 nami nikasema ndiyo. Tulikuwa tunangoja wakati wa kukata nyasi upite ndipo tuwaambie. Halafu akatuuza. Nimemchukia miaka arobaini na moja na sasa nimechoka, sina moyo wa kuendelea kuchukia, daktari mwenyewe anasema. Nimemsamehe. Tuandike kama tulivyopasa kuandikwa."

Sikujua, Bergljot. Naapa sikujua kama alishakubali.

Barua ile niliiandika mimi. Olof alikuwa mjamzito wa miezi mitano. Mtoto wetu wa kwanza alifia tumboni wakati mashua ya daktari ikingoja upepo siku tatu upande wa pili wa mlima, na Olof aliniambia hatazaa tena Dimmuvik, atatembea kwa miguu juu ya theluji kwanza. Lakini serikali haikusaidia nyumba moja kuhama. Iliwataka wote waombe. Salvor na Hjalmar wasingekubali kamwe. Na mimi kuondoka peke yangu kulikuwa kuwaua, kwani wawili hawawezi kuivuta mashua ile. Basi nikaandika barua, nikatia majina yote matatu kwa mkono wangu huu unaosomeka, la Hjalmar juu kwa kuwa ndiye wa posta. Nikampa Hjalmar aibebe. Nikamwambia ni ya kuagiza nyavu.

Majibu yalipokuja, Salvor aliyasoma jikoni mwangu. Akamgeukia Hjalmar. "Umetuuza." Hjalmar alinitazama. Alijua palepale, nani mwingine kule aliyeweza kuandika kwa mkuu wa wilaya? Akamtazama Olof na tumbo lake. Mimi nilikuwa nikitazama beseni la samaki. Nikangoja aseme. Hakusema. Nikasema moyoni, nitamwambia Salvor kesho.

Sasa amemsamehe kwa kosa langu, na anataka nilichape hilo kwa herufi za chapa mwishoni mwa kitabu changu.

Sturla amekwisha kuchapa kurasa zote, mstari kwa mstari kama mswada. Imebaki orodha ya majina na kushona. Nimemwomba asimame. Anasema akisimama, Krismasi imepita. Nikichoma kila kitu, atakufa bila kitabu. Nisipochoma, atakufa na uongo. Nikimwambia, atakufa akinichukia, na ni yeye tu niliye naye, kwani Olof na mtoto wa mimba ile wamekwisha kufa. Nishauri. Nishauri chochote.

Arngrimur


Akureyri, 6 Novemba 1989

Arngrimur,

Kunywa kahawa, kula kitu, halafu mpigie Sturla umwambie aendelee.

Kuna chombo kimoja katika kazi yetu ambacho waandishi wapya hukionea aibu, nami nakipenda kuliko vyote: karatasi ya masahihisho. Kipande kidogo, kinachapwa baadaye, kinawekwa ndani ya kila nakala. Kina sheria zake. Unataja ukurasa, mstari, palipoandikwa, na inavyopasa kusomwa. Hakuna "kwa bahati mbaya". Hakuna "mwandishi anasikitika". Hakuna hadithi ya mtoto aliyekufa, ijapokuwa nimekulilia kwa hiyo hapa peke yangu. Anayesahihisha hajitetei.

Utataka kumwandikia dada yako barua ya siri badala yake. Usifanye hivyo. Barua itaingia droo. Jina la Hjalmar halikuchafuka drooni, lilichafuka mbele ya pwani nzima, na mia moja na arobaini kati ya watu hao wameagiza kitabu. Msafishe mbele yao.

Na majina yao wawili yachapwe mstari mmoja kama alivyoomba. Hilo halihitaji kusahihishwa.

Kama atakuchukia, je? Sijui. Mimi ni msahihishaji wa prufu, si Mungu. Najua tu kwamba wewe hukuniandikia Septemba kwa ajili ya karatasi na kushona.

Bergljot


Kopavogur, 2 Desemba 1989

Bergljot,

Vimetoka. Mia tatu. Harufu yake imenifanya nikae chini. Hiki hapa chako, na karatasi ndani yake. Sturla alipoichapa aliisoma, akafuta mikono, akaniuliza, "Mzee, una hakika?" Nikasema chapa kabla sijajibu.

MASAHIHISHO
Ukurasa wa 143, mstari wa 6. Palipoandikwa: "barua ilipelekwa kwa mkuu wa wilaya". Isomwe: "mimi, Arngrimur Ketilsson, nilimwandikia mkuu wa wilaya, na nikaandika majina ya Salvor Ketilsdottir na Hjalmar Ebenesarson bila wao kujua. Hjalmar aliibeba barua akidhani inaagiza nyavu. Hakuna mwingine aliyehusika."

Nimezitia moja moja kwa mkono wangu kwa siku mbili. Duka la vitabu Isafjordur limechukua arobaini. Za walioagiza zimeingia posta jana.

Nina jambo la kukiri kwako. Nilipofika kwenye nakala ya Salvor niliitia karatasi, nikaifunga kwa karatasi ya zawadi. Nikaifungua. Nikaitoa. Nikaifunga tena.

Imekwenda bila karatasi. Mwache ashike ghuba yake kwa amani wiki hizi chache. Pwani nzima inajua, kama ulivyotaka. Yeye ataondoka na soksi zake na mdogo wake. Usinijibu kwa ukali, sitaweza.

Arngrimur


Akureyri, 5 Desemba 1989

Mwoga wewe! Umewaambia watu mia mbili na tisini na tisa, umemficha mmoja, na huyo mmoja ndiye kitabu kilichoandikwa kwa ajili yake.

Na unafikiri watu wa Isafjordur hawasomi? Wauguzi wa nyumba ile hawapewi vitabu? Mtumie leo. Posta ya ndege. Ikiwa imefungwa, nenda mwenyewe.

B.


Isafjordur, 13 Desemba 1989

Mdogo wangu Arngrimur,

Mkono huu ni wa Gudny, muuguzi. Maneno ni yangu, na nimemwambia asiyalainishe.

Kitabu kilifika. Gudny alinisomea kila siku baada ya chakula cha mchana, sura moja moja. Nilicheka kwenye makasia. Kwenye kisima nililia. Nilimwambia, huyu ndiye mdogo wangu, msikie, hajasahau hata chepeo cha baba. Wenzangu mezani walikuwa wakisogea kusikiliza, lakini nikaona wananitazama vibaya, kama watu wanaotazama mgonjwa. Nikadhani wananihurumia kwa ajili ya moyo wangu mgonjwa.

Juzi Gudny alisahau kitabu changu ghorofani, akasoma kwenye cha kwake, alichopewa na mama mkwe wake. Ikadondoka karatasi. Akaisoma kabla hajajua anasoma nini. Halafu akaikunja kabla ya mwisho. Nikamwambia malizia.

Nakala yangu haina karatasi hiyo. Tumeitikisa. Tumetafuta kila ukurasa. Kwa nini yangu haina, Arngrimur?

Hjalmar alikuja mlangoni kwangu mara mbili, unajua hilo? Mwaka wa 1950 na mwaka ambao Olof alikufa. Mara ya pili alisimama na kofia mkononi akasema, "Salvor, kuna kitu nataka uniulize." Si kukuambia. Uniulize. Nami nikasema, "Sina swali kwa mtu kama wewe," nikafunga. Ningeuliza angesema. Hakutaka kukusaliti bila kuulizwa.

Vuli hii nilimsamehe. Nilijiona mwema sana, nilijisifu hata kwa mchungaji. Nimemsamehe mtu asiye na kosa, na sasa nani atanisamehe mimi?

Sitaki barua. Una mwandiko mzuri mno. Ndio uliotufikisha hapa. Njoo. Nataka nisikie mstari wa sita kutoka mdomoni mwako, si wa Gudny. Njoo upesi, na usiniletee kitu.

Salvor Ketilsdottir
Nedribaer


Uwanja wa ndege, Reykjavik, 19 Desemba 1989

Bergljot,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi. Siku ya tatu. Upepo Isafjordur, hakuna ndege inayotua. Kila baada ya saa mbili msichana wa dirishani anatangaza kwamba watatazama tena baada ya saa mbili. Leo aliniambia, "Babu, nenda nyumbani, tutakupigia." Nikamwambia nimekaa nyumbani miaka arobaini na moja.

Ulikuwa sahihi na sitaki uniambie hivyo.

Wanatangaza kitu. Nafunga barua.

A.


Isafjordur, 31 Desemba 1989

Mpendwa Bergljot,

Nilifika tarehe ishirini. Yuko hai. Amekuwa mdogo sana kitandani, ila macho ni yale yale.

Sikumbusu, hakunyoosha mkono. Alisema, "Soma." Nikatoa karatasi. Nikasoma ukurasa, mstari, palipoandikwa, inavyopasa kusomwa. Sauti yangu ilikatika kwenye "nyavu". Akasema, "Rudia, umemeza neno." Nikarudia. Mara ya tatu alifumba macho, nikafikiri amelala, nikaanza kumwambia juu ya Olof, mtoto na mashua ya daktari.

"Sijakuuliza hayo," akasema. "Hayo nayajua. Nilimpenda Olof. Ungeniambia jikoni siku ile ningekupiga, halafu ningekusaidia kufunga mizigo."

Hilo, Bergljot, ndilo lililonivunja. Miaka yote hiyo nilikuwa naogopa mlango ambao haukufungwa kwa ufunguo.

Kisha akasema, "Sasa nenda ukamsomee yeye."

Unajua makaburi yalivyo siku za Krismasi, kila mtu akiwawashia taa wafu wake. Hapa jua limefichwa nyuma ya mlima tangu Novemba na halitarudi mpaka mwishoni mwa Januari, hivyo hata mchana palikuwa na mwanga wa samawati tu, na kila kaburi lilikuwa na taa yake, watu wamechimba theluji wakazipanga. Sikujua lake liko wapi. Mwanamume aliyekuwa akimwashia mama yake taa aliniuliza, "Unamtafuta nani?" Nikamwambia. Alinitazama kidogo, nadhani amesoma. "Sijui jiwe lake," akasema, "lakini tafuta penye giza. Yule hakuwa na mtu."

Yalikuwa matatu penye giza. Nilichimba kwa mikono. Lake lilikuwa la pili. Nikapiga magoti, nikasoma. Siyo hadithi, Bergljot, sikuhisi mzigo wowote ukinitoka mabegani. Nilihisi baridi, na nikaona kwamba jina lake limekatwa vibaya, herufi ya mwisho imebanwa ukingoni. Ungelitia alama.

Niliporudi, Salvor aliuliza, "Alisemaje?"

"Hakusema kitu."

"Ndivyo alivyo," akasema. Alingoja Gudny aingie na chai na kutoka. "Kesho uende tena. Na keshokutwa. Na upeleke taa. Utaacha nitakapokuambia basi."

Nimepanga chumba kwa mjane mmoja karibu na bandari. Nimekwenda kila siku. Ninaporudi ananiuliza alisemaje, nami namjibu.

Tangu juzi haniulizi. Analala tu, anapumua kwa vituo. Gudny anasema huenda asiamke tena, na kwamba naweza kukaa naye badala ya kwenda kwenye theluji. Nimekaa naye hadi saa tano asubuhi, nimemshika mkono, ameuacha mikononi mwangu, sijui kama anajua ni wangu. Halafu nimevaa koti nikaenda.

Leo ni siku ya kumi na mbili. Bado hajaniambia basi.

Arngrimur